KUPASULIWA KWA AJILI YA UZURI: MASWALI YA KUULIZA KWANZA

Jambo ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi ni upasuaji wa urembo, yaani kule kupasuliwa kwa mtu asiye mgonjwa ili sura yake au umbo lake lipendeze zaidi. Najua wako watakaocheka wakisoma kichwa cha habari hii na kusema, "Hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Yatuhusu nini sisi watu wa Buterere?" Mimi nakaa Buterere, na kazi yangu ni uuguzi, hasa kusafisha na kufunga vidonda. Basi nawajibu kwamba yanatuhusu sana. Hapa kwetu, kaskazini ya mji wa Bujumbura, karibu na uwanja wa ndege, vijana wengi wana simu, na katika simu hizo huona picha za watu waliopunguzwa tumbo au walioongezwa makalio. Wako wenye jamaa zao Nairobi, Dar es Salaam, Dubai na Ubelgiji, na jamaa hao huleta habari za kliniki za huko. Na hata yule asiyepata kuvuka mpaka, huenda anatafuta mtu wa kumwondolea kovu lililovimba, au wa kumshonea ndewe ya sikio iliyochanwa na hereni, au wa kumchoma sindano ya kunenepesha mwili. Mambo hayo yote ni ya ukoo mmoja.

Siandiki ili kuwalaumu wanaotaka. Kama jambo hili lafaa au halifai mbele ya Mungu, hilo nawaachia masheikh, mapadre na wazazi. Langu ni kueleza namna ya kujilinda.

Aina mbili za upasuaji

Yatupasa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Liko jambo la kurekebisha mwili ulioharibika, na liko jambo la kuupamba mwili ulio mzima. Mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura, mtoto aliyeunguzwa na uji hata vidole vikagandamana, mtu aliyevunjwa taya kwa ajali ya pikipiki: hao hupasuliwa ili waweze kula, kusema na kushika. Hiyo ndiyo aina ya kwanza, na kwa Kiswahili cha leo huitwa upasuaji rekebishi.

Elimu hii ilikua sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917, huko Sidcup, Uingereza, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alipewa hospitali nzima ya kuwatengeneza askari waliovunjwa nyuso kwa mizinga na risasi. Jamaa yake na mwanafunzi wake, Archibald McIndoe, aliendeleza kazi hiyo kwa marubani walioungua katika Vita ya Pili. Tena haikukaa Ulaya tu. Mwaka 1957 McIndoe, pamoja na Michael Wood, aliyekuwa akifanya kazi yake Afrika ya Mashariki, na Tom Rees wa Marekani, walianzisha chama cha Madaktari Warukao kwa Ndege, ambacho leo twakijua kwa jina la Amref. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa namna hii. Basi elimu hii ilitufikia kwa njia ya huruma, kwa watoto walioungua na watu waliojeruhiwa na wanyama.

Aina ya pili ilizaliwa katika ile ya kwanza, kwa visu vilevile na nyuzi zilezile. Imekwisha kufika karibu nasi. Nairobi ziko kliniki zake, na mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza kutoa huduma za kupunguza mafuta na kurekebisha umbo.

Tofauti kubwa kati ya aina hizi mbili ni moja. Mgonjwa ana haraka, bali mwenye afya hana haraka. Mtu aliyepasukiwa na kidole tumbo usiku hawezi kusema, "Ningojeni kwanza, niulize habari za daktari huyu." Akingoja atakufa. Lakini mtu anayetaka kupunguza tumbo anaweza kungoja mwezi, au mwaka, au miaka mitano, na hakuna litakalomdhuru. Muda huo ndio ngao yake. Akikubali kuharakishwa, ameitupa ngao hiyo mwenyewe, na kuingia hatarini kama mgonjwa wa dharura bila ya kuwa na dharura yoyote.

Watunga sheria wamelitambua jambo hili. Ufaransa sheria yamtaka daktari ampe mtu karatasi ya maelezo na gharama, kisha zipite siku 15 kamili kabla ya kumpasua kwa ajili ya urembo. Uingereza, tangu mwaka 2016, baraza la madaktari limewaagiza madaktari wampe mtu muda wa kufikiri, na limewakataza kuvutia watu kwa bei za kuwaharakisha, au kuutoa upasuaji kama zawadi ya mashindano. Ukiambiwa basi, "Bei hii mwisho wake Ijumaa," jua kwamba anayesema hivyo anakuuzia kitu, hakutibu.

Hatari zenyewe

Watu husema, "Ni jambo dogo tu, si ugonjwa." Ni kweli kwamba si ugonjwa, lakini kisu hakijui kama wewe ni mgonjwa au mzima. Ngozi ikipasuliwa, damu hutoka, vijidudu hupata mlango, na dawa ya usingizi hulegeza pumzi kwa watu wote sawasawa.

Tuchukue kazi ya kunyonya mafuta. Daktari hutoboa tundu dogo, akaingiza bomba jembamba chini ya ngozi, akalisukuma mbele na nyuma huku mashine ikivuta mafuta. Ncha ya bomba haionekani kwa macho. Mkono wake ndio unaomwongoza. Mkono ukikosea, ncha yaweza kupenya ukuta wa tumbo na kutoboa utumbo, na uchafu wa utumbo ukamwagika ndani. Mtu hataona kitu ila maumivu, na maumivu alikwisha kuyategemea. Kwa hiyo hukaa kimya mpaka sumu imeenea.

Mwaka 2005 Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati ule, alifariki huko Hispania baada ya kupasuliwa kwa ajili ya umbo. Alikuwa karibu kutimiza miaka 60. Mahakama ya huko ilimhukumu daktari wake mwaka 2009 kifungo cha mwaka mmoja, na kumzuia kufanya kazi kwa miaka mitatu. Huyu alikuwa mke wa mtawala wa nchi kubwa, wala hakukosa fedha. Karibu zaidi nasi, mwezi wa Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya binafsi. Baraza la madaktari la Kenya liliifunga kliniki hiyo na kuanza uchunguzi.

Kazi ya kuongeza makalio kwa mafuta ya mtu mwenyewe ina hatari yake ya pekee. Ndani ya msuli wa makalio mna mishipa minene ya damu inayorudi moyoni. Mafuta yakisukumwa ndani ya msuli, mshipa ukachanika, matone ya mafuta huenda mpaka moyoni na mapafuni, na mtu aweza kufa palepale juu ya meza. Mwaka 2018 kamati ya vyama vya wapasuaji wa nchi mbalimbali ilionya kwamba huenda anakufa mtu mmoja katika kila watu 3,000. Mwaka huohuo chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waiache kazi hiyo. Mwaka 2022 kiliiruhusu tena, lakini kwa sharti kwamba mafuta yawekwe juu ya msuli tu, huku daktari akiitazama ncha ya bomba kwa mashine ya mawimbi ya sauti.

Sasa nitaeleza maswali yenyewe. Kuuliza si ujinga, na daktari mwema hakasiriki akiulizwa.

Swali la kwanza: Ni nani atakayenipasua?

Mtaani kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa muganga. Mimi mwenyewe nikipita njiani watoto huniita, "Muganga! Muganga!" Lakini mimi nimefundishwa kuuguza, sina ruhusa ya kumpasua mtu, na yeyote anayenijia kwa haja hiyo namrudisha. Kwa hiyo jina la heshima si ushahidi. Uliza jina lake kamili, kisha ulitafute katika daftari la serikali. Burundi liko baraza la kisheria la madaktari, ambalo kwa Kifaransa huitwa Ordre des Médecins. Kenya liko baraza lenye daftari ambalo mtu yeyote aweza kulitazama kwa simu. Tanzania liko Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kuwa daktari peke yake hakutoshi. Chuo cha wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kiitwacho COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na ambacho Burundi ni mwanachama wake, humfundisha daktari aliyekwisha kuhitimu kwa muda wa miaka mitano zaidi kabla ya kumpa shahada ya upasuaji rekebishi. Uliza basi: "Daktari, shahada yako ya upasuaji ni ya nini, na kazi hii umeifanya mara ngapi?" Tena hakikisha kwamba unazungumza na yeye mwenyewe. Dalali hapasui, na picha za kabla na baada hazisemi ni za nani.

Swali la pili: Ni mahali gani?

Chumba chenye marumaru na feni si chumba cha upasuaji. Uliza kama pana hewa ya oksijeni, kama pana jenereta umeme ukikatika, kama vyombo huchemshwa kwa mashine ya mvuke, kama damu yaweza kupatikana. Kisha uliza swali hili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote ya mahali: "Nikizidiwa nitapelekwa hospitali gani, na kwa gari lipi?" Miaka hii tumeona jinsi petroli inavyoweza kuadimika Bujumbura. Anayejibu, "Usiwe na wasiwasi, hilo halitokei," huyo hajajiandaa.

Swali la tatu: Ni nani atakayenitia usingizi?

Dawa ya usingizi yataka mtu wake, aliyefundishwa, asiyefanya jambo jingine ila kutazama pumzi, moyo na rangi ya mgonjwa tangu mwanzo hata mwisho. Mpasuaji hawezi kushika kisu na kulinda pumzi kwa wakati mmoja. Hata ganzi si maji. Dawa ya ganzi hupimwa kwa uzito wa mwili. Ikizidi huleta degedege, na yaweza kuusimamisha moyo. Katika kunyonya mafuta ganzi nyingi hutiwa chini ya ngozi, kwa hiyo kipimo chake ni jambo la uhai na kifo.

Swali la nne: Je, nimesema kweli yote?

Hili ni swali la kujiuliza wewe mwenyewe. Mtu huficha sigara, huficha mimba changa, huficha kisukari, huficha dawa za kienyeji. Hapa kwetu hufichwa zaidi ya yote mafuta ya kujichubua.

Mama mmoja aliletwa kwangu na binti yake. Alikuwa amekatwa kovu la shingoni katika chumba kimoja cha mjini, na nyuzi zilikuwa zimekata ngozi kama uzi ukatavyo jibini. Nikamwuliza, "Mama, unapaka nini mwilini?"

"Mafuta ya kawaida tu, muganga."

Lakini uso wake ulikuwa mweupe, na vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kama masizi. Nikasema, "Mama, simwambii mtu. Nataka kidonda kifunge."

Akanyamaza kidogo, akamtazama binti yake, kisha akasema, "Miaka minane, mwanangu. Na yule aliyenikata hakuniuliza."

Yapasa kujua kwa nini jambo hili ni kubwa. Mafuta mengi ya kujichubua yana dawa kali ya jamii ya steroidi, kama klobetasoli, au haidrokwinoni, au zebaki. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, ikawa nyembamba kama karatasi; haishiki uzi, na kidonda hukawia kufunga. Ikipakwa mwili mzima kwa miaka, huingia katika damu na kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, zile zinazousaidia mwili kuvumilia mshtuko. Mtu kama huyo akipasuliwa, presha yaweza kushuka ghafula, na daktari asijue sababu. Zebaki hudhuru figo. Na mataifa yaliyotia sahihi Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 yalikubaliana mwaka 2023 kuiondoa kabisa katika vipodozi ifikapo mwaka 2025. Basi mwambie daktari jina la mafuta, au mpelekee kopo lenyewe. Aibu ya dakika moja ni nyepesi kuliko kidonda cha miezi.

Mtu mwenye selimundu, mwenye upungufu wa damu, mwenye VVU, au ambaye katika ukoo wake makovu huvimba, naye aseme. Makovu ya kuvimba hutokea sana kwa sisi watu weusi. Likikatwa bila matibabu mengine, huweza kurudi likiwa kubwa kuliko la kwanza. Kwa hiyo usikubali kukatwa na mtu asiyekueleza jambo hilo.

Swali la tano: Ni kitu gani kitakachotiwa mwilini mwangu?

Kila kitu kinachobaki ndani ya mwili kina jina, kiwanda na namba, na mwenye mwili ana haki ya kupewa karatasi yenye namba hizo. Kampuni moja ya Ufaransa, Poly Implant Prothèse, ilitengeneza mifuko ya matiti kwa silikoni ya viwandani, isiyoruhusiwa kwa binadamu. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2010, na wakati huo ilikwisha kuwekwa kwa wanawake wapatao 300,000 katika nchi nyingi. Mwanzilishi wake alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Wanawake waliokuwa na karatasi zao walijua upesi kama wamo au hawamo. Wengine walibaki wakihangaika. Na kama mtu anataka kukuchoma sindano chumbani mwake kwa chupa isiyo na karatasi, ondoka. Silikoni ya maji ikiisha kuchomwa haitolewi tena kwa urahisi. Hutembea, huvimba, hutunga usaha hata baada ya miaka.

Swali la sita: Nijitayarishe namna gani?

Daktari mwangalifu atakupima kwanza: damu, moyo, mkojo, presha. Hapa Buterere, penye mashamba ya mpunga na maji yaliyotuama, apime na malaria pia. Mvuta sigara aache majuma manne kabla na manne baada, maana tumbaku hubana mishipa midogo ya ngozi na kidonda hukosa damu. Kwa kawaida chakula huachwa muda wa saa sita au nane kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa mbili. Sababu yake ni kwamba mtu aliyelala usingizi wa dawa akitapika, matapishi huingia mapafuni.

Na akikuambia, "Wewe sitakupasua," usimkimbilie mwingine. Mwaka 2007 Donda West, mwalimu wa chuo kikuu na mama wa mwimbaji Kanye West, alifariki Marekani siku moja baada ya upasuaji wa urembo. Mchunguzi wa maiti aliona kwamba alikuwa na ugonjwa wa moyo. Jimbo la California likatunga sheria mwaka 2009, iliyopewa jina lake, kwamba mtu asifanyiwe upasuaji wa urembo kabla ya kupimwa na kupewa kibali cha kitabibu. Daktari anayekukataa huenda ndiye aliyekuokoa.

Swali la saba: Na baadaye je?

Watu huuliza bei ya kupasuliwa na kusahau bei ya kupona. Jua ni nani atakayekifunga kidonda, mara ngapi, na ni namba gani ya simu itakayojibiwa saa nane ya usiku. Wanaosafiri wazingatie zaidi. Damu ya miguu hukaa kimya katika safari ndefu ya ndege au ya basi, na baada ya upasuaji yaweza kuganda; bonge likipanda mapafuni huua. Usirudi kabla ya daktari kukuruhusu, wala usirudi bila karatasi ya kueleza ulivyofanyiwa, maana sisi tutakaokupokea hatuwezi kukisia.

Nenda hospitali mara moja, usingoje asubuhi, ukiona mojawapo ya haya: homa, damu isiyokoma, usaha au harufu mbaya, tumbo gumu lenye maumivu yanayozidi, muundi mmoja uliovimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika, kuchanganyikiwa. Nyumbani, maji ya kuoshea kidonda yachemshwe, na kidonda kifunikwe. Mvua ikinyesha na maji machafu yakajaa njiani, kama tunavyoyajua hapa kwetu, mwenye kidonda asiyakanyage.

Swali la nane: Kwa nini nataka?

Jiulize kama unataka wewe, au anataka mtu mwingine. Mwanamke aliyeambiwa na mume, kijana aliyetaniwa darasani, msichana aliyelinganisha mwili wake na picha iliyotengenezwa kwa mashine: hao huenda wakapasuliwa vizuri, na bado wasifurahi, maana kilichouma hakikuwa puani wala tumboni. Kwa ninyi ambao bado mnakua nasema wazi: mwili haujamaliza kazi yake. Uingereza, tangu Oktoba 2021, sheria yakataza kumchoma kijana wa chini ya miaka 18 sindano za kupamba uso, hata mzazi akikubali. Tena tusitaniane. Maneno ya uwanjani kuhusu pua na miguu ya mwenzako huenda ndiyo yatakayompeleka chumbani kwa mtu wa sindano miaka kumi baadaye.

Funzo la Ifakara

Huenda mtu akasema kwamba maswali haya ni ya watu waoga, na madaktari wakubwa hawayahitaji. Sivyo. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi moja yenye mambo 19 katika hospitali nane za dunia. Mojawapo ilikuwa London, nyingine Toronto, nyingine Manila, na moja ilikuwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, Tanzania. Wapasuaji walitakiwa wasimame mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Kila mara waliulizana kwa sauti mambo mepesi. Mgonjwa huyu ni nani? Tunapasua wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Kila mmoja wetu anaitwa nani na kazi yake ni ipi? Vitambaa na sindano zimehesabiwa zote?

Matokeo yalitolewa mwezi wa Januari 2009. Watu waliokufa baada ya upasuaji walipungua kutoka 1.5 katika kila mia hadi 0.8, na waliopata madhara makubwa kutoka 11 katika kila mia hadi 7. Upasuaji ule haukuwa wa urembo, lakini funzo ni lilelile. Maswali yaliyoulizwa kwa wakati wake yaliokoa watu, London na Ifakara sawasawa. Kama mpasuaji aliyesoma miaka kumi na zaidi husimama na kuuliza, sembuse mwenye mwili wake?

Sasa neno langu la mwisho kwenu wanafunzi, na kwenu mliokwisha kuhitimu. Kabla ya upasuaji mtu hupewa karatasi ya kutia sahihi, na mara nyingi karatasi hiyo huandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Shangazi yako, dada yako au mke wa jirani hataielewa. Atakuita wewe, kwa sababu wewe umesoma. Usimwonyeshe tu mahali pa kutia sahihi. Keti naye, msomee mstari kwa mstari kwa Kiswahili au kwa Kirundi, na kila mstari usioelewa wewe mwenyewe uuandike kando, mwende nao kwa daktari pamoja na maswali haya manane. Ikiwa hana nafasi ya kuyajibu, rudini nyumbani. Hakuna ugonjwa unaowangoja njiani.